Kijiti cha Kulia

Waya wa mwisho ulikataa kutoka. Kipenga alipiga goti nyuma ya runinga, akaushika kichwani kwa vidole viwili na kuutikisa kidogo kidogo, kushoto na kulia, kama mtu anayeng'oa jino la mtoto. Vumbi la miaka lilikuwa limeugandisha kwenye tundu lake. Alipuliza, akapiga chafya, akavuta tena. Ukatoka. Mashine kuukuu ya gemu ikabaki juu ya meza bila waya hata mmoja, kifuniko chake kimefungwa pembeni kwa utepe mweusi, mng'aro wake wote umefutwa na vidole vya watu wasiohesabika.

"Unamhamisha mgonjwa?" sauti iliuliza kutoka mlangoni. Alikuwa kinyozi wa chumba cha pili, taulo begani, kitana kimechomekwa nyuma ya sikio.

"Mgonjwa amestaafu," Kipenga alijibu. "Leo naleta kijana."

"Na kaka yako umemwuliza?"

"Nataka nimshtue. Akirudi kutoka kliniki akute uwanja mpya."

Kinyozi alikuna kidevu chake kisichokuwa na ndevu hata moja. "Haya. Mimi ni mtu wa nywele tu. Ila hata nywele, kabla sijanyoa, huwa nauliza."

Kipenga alicheka, akaiviringisha mashine ndani ya shuka na kuipakata.

Wahenga walituachia onyo juu ya mbacha, yaani ule mkeka uliochakaa kwa kukaliwa, na juu ya msala mzuri wa mpita njia. Walitaka tujue kwamba mpita njia hukunja msala wake akaondoka nao, na aliyeutupa mkeka wake kwa kuvutiwa na msala huo hubaki amekaa mchangani. Kipenga alifundishwa onyo hilo shuleni, akaliandikia na insha. Lakini methali ni kama mwavuli: wengi wetu huukumbuka tukiwa tumeshalowa.

Kipenga halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, asiyependa kubishana, na chumba cha gemu ni mahali pa kubishana asubuhi hadi jioni. Kwa hiyo alijitundikia filimbi shingoni. Mechi ikiisha alipuliza, aliyeshindwa akainuka, aliyeshinda akabaki, na maneno yakaishia hapo. Filimbi ilimfanyia kazi ya kupiga kelele, nayo ikampa jina.

Katika chumba hicho palikuwa na kiti kimoja chenye mto, karibu na ukuta wa kulia. Kilikuwa cha kaka yake.

Kaka huyo alikuwa mwashi, na mwashi mzuri. Siku moja ubao wa jukwaa la ujenzi ulikatika chini ya miguu yake, akaanguka pamoja na ndoo ya zege. Alipona kila mahali isipokuwa mkono wa kushoto. Mkono ulikuwepo, ukining'inia begani kama wa kila mtu, lakini akiuita hauitiki. Kwa miezi mingi alikaa nyumbani akitazama dari. Kisha akaanza kujikokota hadi chumba cha mdogo wake, akakaa akitazama vijana na wazee wakifungana mabao, bila kusema neno.

Kipenga hakuwa amesomea mitambo. Alijifunza kwa kufungua na kufunga, kwa kuunguza kimoja ili cha pili kipone. Alipomwona kaka yake akiifuata kwa macho pedi ya mtu mwingine, kile kidude cha kuchezea chenye vijiti na vitufe, alikaa chini na mchezo ule wa zamani, akapekua ukurasa mmoja baada ya mwingine, hadi akaufikia ukurasa uliokuwa umejificha mwisho kabisa. Hapo mtu aliweza kukihamisha kitufe chochote akakiweka popote apendapo. Ndugu hao wawili walitumia mchana mzima kupanga na kupangua. Kutembeza wachezaji, ambako kila mtu hukufanya kwa kijiti cha kushoto, walikuhamishia kwenye kijiti cha kulia. Pasi wakaiweka kwenye kitufe cha nyuma, chini ya kidole cha shahada. Shuti likaenda kwenye kitufe cha chini yake. Kilichobaki ni kuongeza kasi, na kasi ikakosa kidole. Wakaiacha.

Basi wachezaji wa kaka huyo hawakuwahi kutoka mbio hata siku moja. Walitembea. Walipeana pasi fupi, wakarudisha nyuma, wakazungusha upande wa pili, hadi mpinzani akachoka kuukimbilia mpira na kuacha pengo. Hapo ndipo bao lilipoingia, tena bila haraka, kama mtu anayeingia kwake. Watu wakamwita Taratibu.

"Kimbia basi, babu!" dereva wa lori, ambaye hakujua kuongea bila kupiga kelele, alikuwa akimwambia. "Wanaume wanakimbia!"

"Mpira ndio unaokimbia," Taratibu alimjibu, pedi ikiwa juu ya paja lake. "Mimi nikimbilie wapi? Nimeshafika."

Dereva alifungwa, akaapa kurudi, akarudi, akafungwa tena. Walikuja watu wa mitaa ya mbali wakivimba vichwa, wakaondoka wameufyata. Mtu akiuliza njia ya kwenda kwa Kipenga, aliambiwa, "Unataka chumba cha yule asiyekimbia?"

Lakini dunia haikai mahali pamoja. Kwenye njia panda palifunguliwa chumba kingine chenye mashine mpya na viti vya ngozi. Wateja wa Kipenga walianza kupungua, mmoja leo, mwingine kesho, kama maji katika mtungi wenye ufa. Yeye hakuogopa kwa ajili yake mwenyewe. Angeweza kurudi kutengeneza redio. Aliogopa kwamba chumba kikifungwa, kile kiti chenye mto hakitakuwa na pa kuwekwa. Ndiyo maana alibeba mashine ile ndani ya shuka asubuhi ile akitabasamu. Alikuwa akienda kukiokoa kiti cha kaka yake.

Muuza mashine alimpokea kwa mikono miwili. Hakupoteza muda kumweleza. "Gemu haisimuliwi, bwana," alisema, akimtia pedi mkononi. "Shika uone."

Kipenga alishika, akaona. Aliona nyasi, kila jani peke yake, zikilala pale kiatu kilipokanyaga na kuinuka tena nyuma yake. Aliona mvua ikianza kama masihara na jezi zikigandamana na migongo ya wachezaji. Kipa alikaza glavu zake kwa meno. Mtangazaji alipandisha sauti mpira ulipokaribia lango, na mashabiki wakainuka, si kama ukuta uliochorwa, bali mmoja mmoja, huyu ana kofia, yule amembeba mtoto mabegani. Kipenga alipiga shuti, wavu ukatikisika, na matone ya mvua yakaruka kutoka kwenye nyuzi zake. Moyo ulimruka pamoja nayo. Aliucheza mchezo ule kwa mikono yake miwili, na mikono yake miwili ikaridhika.

"Unasemaje?" muuza mashine aliuliza.

"Hii si gemu. Huu ni uwanja."

"Basi hiyo kuukuu niachie tubadilishane, utaongeza kidogo. Ila ujue, kuna mteja yuko njiani, anazikusanya za zamani kupeleka mbali. Ikitoka hapa imetoka."

Kipenga alisita. Kuna kitu kilimgusa moyoni, kama mtu aliyetoka nyumbani akahisi ameacha kitu asijue ni kitu gani. Aliweka kiganja juu ya utepe mweusi. "Nipe dakika moja," alisema.

"Unataka kuagana nayo?" muuza mashine alimtania. "Nikuletee na leso?"

Watu wawili waliokuwa dukani wakacheka. Kipenga akaona haya. Mtu mzima kusimama dukani akipapasa mashine!

"Chukua," alisema.

Jioni chumba kilifurika. Habari za kitu kipya hazihitaji mjumbe, na hata wale waliokuwa wamehamia njia panda walirudi, wakijifanya walikuwa wakipita tu. Kinyozi alimwacha mteja wake nusu kichwa. Mashine mpya ilifunikwa kitambaa, na Kipenga alikataa katakata kukiondoa kabla kaka yake hajafika.

Taratibu alitokea mlangoni akiwa na shati lake la kliniki, lile analolivaa kwa sababu vifungo vyake ni vikubwa. Alishangaa kuona umati.

"Kuna msiba?" aliuliza.

"Kuna arusi!" dereva wa lori alipaza sauti. "Bibi arusi ndiye yule amefunikwa. Wewe tu unangojwa."

Kipenga alikiondoa kitambaa. Uwanja ukajaa kwenye runinga, nyasi na mvua na mashabiki, na chumba kizima kikasema "Ah!" kwa pamoja. Taratibu naye alitazama. Lakini macho yake yalipitia kwanza mezani.

"Ile iko wapi?"

"Imestaafu, kaka. Karibu ufungue uwanja. Heshima ya mechi ya kwanza ni yako."

Taratibu aliitikia kwa kichwa polepole, akaenda kwenye kiti chake, akaiweka pedi juu ya paja la kulia kama ilivyokuwa desturi yake. Dereva wa lori alikaa upande wa pili akijipigapiga kifua. Filimbi ikalia.

Mpira ulimfikia mchezaji wa Taratibu katikati ya uwanja. Taratibu alikisukuma kijiti cha kulia ili mchezaji atembee. Mchezaji hakutembea. Alizunguka palepale alipo, akauvuta mpira nyuma, akauruka, akazunguka tena. Taratibu alisukuma upande mwingine. Mchezaji akapiga chenga mbili hewani, mbele ya mtu asiyekuwepo.

Chumba kililipuka. "Taratibu leo ana madaha!" mtu alipiga kelele. "Anamchezea bibi arusi!" mwingine akadakia. Mchezaji aliendelea kuzunguka kama kuku aliyekanyaga kaa la moto, na kila alipozunguka watu waliangukiana mabegani kwa kicheko. Kipenga naye alicheka. Alicheka hadi machozi yakamtoka, akiamini kaka yake anawachezea watu shere. Mchezaji wa dereva alikuja akauchukua mpira kama mtu anayeokota kitu njiani, akaenda akafunga. Mpira ukarudi kati. Mchezaji wa Taratibu akazunguka. Bao la pili.

"Mdogo wangu," Taratibu alisema. Hakupandisha sauti. "Vitufe vyangu hujavihamisha."

"Lo! Nimesahau. Subiri kidogo tu."

Kipenga aliusimamisha mchezo, akaingia kwenye kurasa za mipangilio. Alizipita za sauti, za rangi, za hali ya hewa, akaufikia ukurasa wa vitufe. Palikuwa na mipango michache iliyokwisha kupangwa na wenye mchezo, uchague mmoja. Alifungua wa kwanza. Kijiti cha kushoto: kutembea. Cha kulia: chenga. Alifungua wa pili. Vilevile. Alifika wa mwisho, akarudi mwanzo, akaanza upya, kama mtu anayepekua mfuko uleule akitafuta ufunguo ambao anajua haumo. Ukurasa ule wa mwisho, wa kuhamisha kitufe popote, haukuwepo. Alikuwa ametazama nyasi, ametazama jasho, ametazama hata mtoto wa shabiki mabegani kwa baba yake. Ukurasa huu hakuufungua.

Kicheko kilizimika chenyewe nyuma yake, mtu mmoja mmoja. Hakugeuka. Alihisi macho ya chumba kizima mgongoni.

"Acha, acha," Taratibu alisema. "Waache watu wacheze." Akamwita kinyozi kwa kidevu, akampa pedi. Kisha akasimama, akalitengeneza shati lake. "Nyasi zake nzuri," alisema. "Nzuri sana. Njia panda hawana nyasi kama hizi."

Akatoka. Hakuna aliyemtania.

Siku zilizofuata alikuja. Alikaa kwenye kiti chake, akatazama, akasifu mabao ya wengine. Watu walipozidi, aliinuka mwenyewe kabla hajaombwa. "Kaeni nyinyi mnaocheza," alisema. "Mimi natazama tu." Alisimama mlangoni, bega likiwa kwenye fremu. Kisha akawa anapita na kusalimia kutoka nje. Kisha hata kupita akaacha.

Na jambo lililomuuma Kipenga kuliko yote ni kwamba biashara ilikuwa njema. Wateja walijaa. Filimbi haikupumzika. Kiti chenye mto kilikaliwa na watu wasiojua kilikuwa cha nani.

Asubuhi moja, kabla wateja hawajaanza kufika, alikuja shemeji yake, mke wa Taratibu, mshonaji wa sare za shule. Nyuzi za rangi ya samawati zilikuwa zimenasa kwenye mikono ya gauni lake.

"Hodi, shemeji."

"Karibu, shemeji. Kaka hajambo?"

"Hajambo." Alikitazama kile kiti, asikae. "Hajambo ndiyo taabu yenyewe. Mtu akiwa mgonjwa si hulalamika? Huyu halalamiki. Nikimwuliza kitu ananiambia 'sawa'. Kila kitu sawa."

Kipenga alishika filimbi yake, akaiachia.

"Sikuja kukulaumu," shemeji aliendelea. "Najua ulitaka mema. Lakini ngoja nikwambie. Nyumbani mimi namfunga vifungo. Mtaani watu wanambebea mzigo hata hajaomba. Kliniki akiinua kikombe wanampigia makofi, mwanamume mzima aliyejenga nusu ya nyumba za barabara hii. Hapa kwako ndipo mahali pekee ambapo watu walikuwa wakimwogopa."

"Shemeji…"

"Jana nimemwambia, 'Nenda kwa mdogo wako ukapunge upepo.' Unajua alinijibu nini? 'Nikatazame nyasi?'"

Alikung'uta nyuzi kwenye mikono ya gauni, akaaga, akaenda zake kazini.

Kipenga alifunga chumba siku ile kabla hakijafunguliwa. Wateja waligonga, wakanung'unika, wakaelekea njia panda. Yeye alikwenda dukani kwa muuza mashine karibu kwa mbio.

"Ilitoka siku ileile," muuza mashine alisema. "Nilikwambia."

"Nipatie nyingine kama ile."

Muuza mashine aliinama chini ya meza, akatoa moja inayofanana nayo. Waliiwasha. Kipenga alikwenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa vitufe. Mchezo uliokuwamo ulikuwa toleo la baada ya lile lake, na ukurasa wa mwisho haukuwepo. Walijaribu nyingine. Hivyohivyo. Inaonekana wenye mchezo waliuweka ukurasa ule katika toleo moja tu, wakaona hauna maana, wakautoa.

"Hukuniambia kwamba hii mpya haihamishi vitufe," Kipenga alisema.

"Hukuniuliza," muuza mashine alijibu. Hakuwa na ubaya. Alikuwa akisema kweli tupu. "Watu wote huuliza habari za picha."

Alimkuta kaka yake nje ya nyumba, amechuchumaa mbele ya kizingiti. Alikuwa akiziba ufa. Aliukandamiza udongo wa saruji kwa mwiko, akausawazisha, akaukandamiza tena, mkono wake mmoja ukifanya kazi iliyozoea mikono miwili, na pale ulipoelemewa alisaidia kwa goti.

"Usikanyage hapo," Taratibu alisema bila kuinua kichwa. "Pabichi."

Kipenga aliruka, akachuchumaa kando yake.

"Kaka, nimekosa."

"Umekosa nini? Chumba kimejaa. Filimbi yako naisikia mpaka hapa."

"Nilipaswa kukuuliza kwanza."

Taratibu alichovya mwiko ndani ya kopo la maji, akaukung'uta. "Ungeniuliza, ningekwambia chukua mpya. Unadhani nilikuwa sivioni viti vitupu? Mimi mwashi, bwana. Najua nyumba ikianza kuinama." Alipitisha mwiko juu ya ufa mara moja, taratibu. "Ila ningecheza mechi moja ya mwisho. Ningeicheza nikijua ni ya mwisho. Hata mtu wa kucheza naye ningemchagua."

"Ungemchagua nani?"

"Wewe."

Kipenga aliinua uso.

"Hujawahi kucheza na mimi hata siku moja," Taratibu alisema. "Siku zote una filimbi mdomoni."

Ilikuwa kweli. Kipenga alitafuta katika kumbukumbu zake mechi hata moja, asiipate. Alikuwa ameipanga pedi ile, ameitengeneza ilipoharibika, amepuliza mwanzo na mwisho wa kila ushindi wa kaka yake, wala hakuwahi kukaa upande wa pili akafungwa naye. Alidhani siku zipo.

"Nilicheka, kaka," alisema. "Siku ile. Na mimi nilicheka."

"Nilikusikia." Taratibu aliuweka mwiko chini. "Hata mimi nilivyomwona yule anazunguka, kidogo nicheke." Lakini hakucheka.

Kipenga hakulala na jambo hilo bila kulifanyia kitu, maana ndivyo alivyozaliwa: akihuzunika, hufungua kitu. Alichukua pedi moja kati ya zile mpya, akailaza juu ya meza, akafungua parafujo zake. Ndani palikuwa finyu kuliko alivyozoea. Alifikiri hivi: kama mchezo umekataa kuvihamisha vitufe kwenye kurasa zake, basi yeye ataihamisha njia ya umeme yenyewe. Atazikata nyaya za kijiti cha kushoto, azivushe hadi kwenye kijiti cha kulia, na pedi idanganyike.

Mchana alimpitia kaka yake. "Nina kazi ya kuchomelea nyaya," alimwambia, "inahitaji mtu wa kushikilia. Nina upungufu wa mkono mmoja."

Taratibu aliinuka. "Mmoja ninao," alisema.

Walijifungia chumbani. Taratibu alikaa si kwenye kiti chenye mto, bali kwenye benchi, akaikandamiza pedi mezani kwa kiganja chake kipana isitikisike. Kipenga aliinama juu yake na chuma cha kuchomelea, moshi mwembamba ukipanda kati ya nyuso zao. Nje watu walianza kugonga.

"Fungueni! Mmefariki humo?"

"Nendeni!" sauti ya kinyozi iliwafukuza. "Kuna upasuaji. Daktari amesema ndugu wa karibu tu."

Waya wa kwanza ulishika. Wa pili ukakatika, ukarudiwa, ukashika. Jua lilikuwa limeshafika kwenye kizingiti walipoichomeka pedi ikiwa wazi, utumbo wake nje, na kuwasha mashine. Nyasi zikajaa kwenye runinga. Safari hii hakuna aliyezitazama.

Taratibu aliweka kidole gumba juu ya kijiti cha kulia, akasukuma. Mchezaji aliinua mguu, akatembea. Akaenda kushoto. Taratibu alisukuma kulia; mchezaji akaenda kushoto. Alisukuma mbele, mchezaji akaenda kushoto, akauvuka mstari, akasimama kwenye kibao cha matangazo akipiga hatua mahali pamoja.

"Huyu anakwenda kwao," Taratibu alisema.

"Bado waya wa kulia, na wa mbele na nyuma. Ule wa kulia nimeuunguza. Inabidi nitafute mwingine, mwembamba zaidi."

"Basi kesho."

"Kesho, kaka. Utakuja?"

Taratibu alimtazama mpinzani kwenye runinga, ambaye mashine ilikuwa ikimchezesha yenyewe: alikuwa ameuchukua mpira ulioachwa, anakwenda mbio uwanja mzima kama mshale, hakuna wa kumshika. Kipenga naye alimwona. Alielewa bila kuambiwa. Hata nyaya zote zikishika, huu ulikuwa mchezo wa wanaokimbia. Pasi fupi zile, mzunguko ule wa subira, ulikuwa na nyumba yake, na nyumba hiyo ilikuwa ndani ya mashine yenye utepe mweusi, sasa iko katika mji asioujua, mikononi mwa mtu asiyejua ina ukurasa gani mwisho wake.

"Nitakuja kushikilia," Taratibu alisema hatimaye, akaondoa kiganja chake mezani.

Alipokwisha kuondoka, Kipenga alizikusanya parafujo katika kifuniko cha chupa. Aliiacha pedi wazi palepale ilipo, nyaya zake mbili zimeshika na nyingine zimeinua vichwa hewani, akazima runinga, akafunga mlango. Alikuwa na waya wa kutafuta kesho, na kijiti cha kufundisha kulia. Lakini ile mechi ya mwisho na kaka yake haikuwa na waya wa kuirudisha. Enyi mnaovutiwa na kipya, ulizeni kwanza nani amekalia cha zamani: usiache mbachao kwa msala upitao.